Bi. Felismina Rosado Anashuka Kwenye Tandiko

Leo Ijumaa, tarehe 11 Novemba 2022, sikukuu ya Mtakatifu Martinho, Bi. Felismina Rosado anastaafu rasmi baada ya kuwafundisha farasi wa shamba la Vale de Murtas kwa miaka thelathini na sita. Siku aliichagua mwenyewe. Alisema watu wakishaonja divai mpya ya sikukuu hii huwa hawana subira ya hotuba. Hakujua kwamba wasifu wake ningepewa mimi, fundi wa viatu vya farasi, niuandike, na mimi si mtu wa maneno machache.

Ukweli ni kwamba shamba hili halikumwajiri yeye. Lilimwajiri kaka yake, Amílcar, ambaye Jumapili moja kabla ya kuanza kazi alipanda treni ya Ufaransa akaenda kuwa fundi mwashi. Jumatatu asubuhi akatokea dada mtu getini, amevaa buti za kaka yake, kajaza magazeti vidoleni ili zimkae. Msimamizi wetu wa wakati huo, marehemu Custódio Pataco, alimtazama kutoka kofia hadi buti, kisha akasema, "Tuliajiri Rosado, na Rosado amekuja. Mpeni ufagio."

Ufagio hakuushika muda mrefu. Mpandaji mmoja alianguka akavunjika mtulinga, na dume changa alilokuwa akilifundisha likawa halimkubali mtu. Felismina alilipanda wakati Custódio yuko kwenye kahawa. Aliporudi akamkuta analizungusha uwanjani taratibu, huku akilisimulia habari za harusi ya binamu yake. Custódio hakumwambia ashuke, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia tena.

Baba yao alikuwa mchunga fahali kwenye nyanda za mto Tejo, kwa hiyo farasi wa kazi alimjua tangu utotoni. Wageni wanaotutembelea huuliza kwa nini farasi mzuri hivi asumbuliwe kwa kupita daraja la mbao, kupenya katikati ya nguzo bila kuziangusha, kurudi kinyumenyume hadi kwenye kengele, au kusimama kando ya lango mpaka mpandaji alifungue na kulifunga bila kushuka. Yeye huwajibu kwamba baba yake aliyafanya yote hayo kila siku kabla ya chakula cha mchana, na hakuna aliyempigia makofi.

Si kila alichokifundisha kilituletea heshima. Wazee wa shamba wanamkumbuka Andorinha, farasi jike mwerevu kupita kiasi, aliyefundishwa malango vizuri hadi akaanza kujifungulia mwenyewe kwa midomo. Siku moja alifungua zizi lake, akafungua na la ng'ombe, akawaongoza wote hadi kwenye matikiti ya jirani yetu Bwana Jacinto. Jacinto alikuja amebeba tikiti lililoumwa kama ushahidi. Bi. Felismina alilipokea, akalikata, akamkaribisha kipande. Walizozana hadi jioni, lakini tikiti lililiwa lote, na toka mwaka ule Jacinto hutuletea matikiti bila kungoja yaibwe.

Lakini ukitaka kumjua Bi. Felismina, lazima usikie habari za Trovisco.

Trovisco alikuwa farasi wa kijivu, mrefu wa shingo, na katika mwaka wake wa sita tulimtegemea kuliko farasi wote. Mwishoni mwa kiangazi, akimfukuza mtamba aliyetoroka, alipenya kwenye kichaka cha miiba na mwiba ukamwingia jicho la kulia. Daktari wa mifugo alijitahidi, lakini jicho halikupona, ikabidi litolewe. Na katika mashindano ya vikwazo, yaani daraja, nguzo, kengele na lango, karibu kila kitu kiko kuliani. Mkono wa kushoto unashika hatamu, wa kulia unafanya kazi: unafungua lango, unachomoa ufito kwenye pipa, unapiga kengele. Ufito wenyewe ni ule mti wa wachunga fahali, mrefu kuliko farasi, unaopaswa kuchomolewa farasi akikimbia, kutunguliwa nao pete ndogo, kisha kurudishwa ndani ya pipa jingine. Yote hayo yangefanyika upande ambao kwa Trovisco sasa ulikuwa giza.

Mwenye shamba, Bwana Lobato, si mtu mbaya, na yupo hapa leo, kwa hiyo naandika kwa uangalifu. Alisimama ukumbini mwa mazizi akasema kwamba farasi wa jicho moja ni nusu farasi, na kwamba atampeleka kwenye gulio la Novemba, labda apate mtu wa kumfungia mkokoteni.

"Basi nipe mimi nusu isiyoona," Bi. Felismina akamwambia. "Hiyo yenye jicho bakia nayo wewe, bwana."

Tuliokuwepo tuliinamisha vichwa tukajifanya tunatafuta kitu chini. Bwana Lobato alitafakari, kisha wakakubaliana hivi: gulio la mwaka ule litapita bila Trovisco. Mwezi wa Juni atapelekwa kwenye mashindano ya mkoa kule Santarém. Akivipita vikwazo vyote bila kukataa hata kimoja, atabaki. Akishindwa, Novemba inayofuata atauzwa, na hakuna atakayebisha.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mara ya kwanza Bi. Felismina alipochomoa ufito, ule mlio wa mti ukigonga pipa ulimjia Trovisco kutoka mahali asipopaona. Akaruka mfereji, akaingia kwenye shamba la mpunga, akamwacha Bi. Felismina amekaa topeni. Alirudi na buti moja. Custódio alimuuliza nyingine iko wapi, naye akamjibu kwamba ameiacha ishike nafasi, maana kesho atarudi.

Jioni ile, mke wangu alimkuta nyuma ya ghala analia. Alimwambia kwamba hakulia kwa kuanguka. Alichokiona ni jinsi farasi alivyotetemeka alipomfikia na kumgusa shingo: alikuwa hajui ni nani anayemgusa, na huyo alikuwa mtu aliyemlisha tangu alipoachishwa ziwa. Mke wangu alimshauri ampumzishe. Akasema hapana, kumpumzisha ni kumwacha peke yake na ule upande.

Basi akaanza upya, tena chini, si juu ya tandiko. Kila asubuhi alichukua ufagio akafagia ua kuliani mwa Trovisco, akizungumza wakati wote. Alimweleza bei ya mafuta ya zeituni, ugomvi wake na mpishi kuhusu chumvi, na kasoro zangu mimi katika kuwapigilia farasi viatu, ambazo nilizisikia zote kwa sababu karakana yangu iko palepale. Wiki za kwanza farasi alijikunyata ufagio ulipomkaribia. Mvua za majira ya baridi zilipoanza, akawa anauegemea, apate kukunwa.

Baada ya ufagio ukaja ufito. Aliuburuta chini, akampapasa nao mbavu, akamwekea mgongoni hadi akauzoea kama anavyozoea mkia wake. Akamfundisha pia ishara ya mguu: mpandaji akimbana kidogo kwa goti la kulia, maana yake kuna kitu hapo, simama, niamini. Na ili mlio wa pipa usimtishe, akawa anamlishia humohumo. Kila siku aligonga pipa kwa mti, kisha akamimina shayiri ndani. Hofu ikaisha kabisa. Kilichoanza ni kitu kingine.

Mwezi wa Machi tulimpeleka kwenye mashindano madogo ya kijiji, kumjaribu tu. Daraja alilipita. Nguzo alizipita. Ufito ulichomolewa safi, pete ikatunguliwa, na watu wakaanza kunyanyuka vitini. Bi. Felismina akafika kwenye pipa la pili, akautumbukiza ufito, mti ukagonga mbao, na Trovisco akafunga breki. Aliingiza kichwa chote ndani ya pipa kutafuta kifungua kinywa chake, na hakuna hatamu wala kisigino kilichomtoa. Kutoka majukwaani ulionekana mwili wa farasi usio na kichwa, na juu yake mwanamke aliyenyooka, anayetazama mbele kwa adabu zote. Hatimaye alivua kofia akawasalimia watazamaji. Bendi ya kijiji ikampigia muziki wa kungojea.

Njiani kurudi, Custódio alisema kwamba wenzetu wote walikuwa wameleta farasi wa mashindano, sisi tumeleta mgeni wa chakula. Bi. Felismina alicheka hadi akafuta machozi, lakini asubuhi ya pili mapipa yote ya uwanjani yalikuwa matupu. Shayiri ilihamia mkononi mwake, na Trovisco aliipata mwishoni tu, baada ya kengele kulia. Farasi aliliona jambo hilo kuwa dhuluma. Kwa muda mrefu aliendelea kunusa kila pipa na kupumua kwa nguvu, kama mtu aliyekuta duka limefungwa.

Juni ikafika, na Santarém kulikuwa na joto na upepo. Bwana Lobato aliketi safu ya mbele, mikono kifuani. Mimi na Custódio tulisimama karibu na lango, kwa hiyo nilichokiona nilikiona kwa macho yangu.

Trovisco alianza vizuri. Kwenye daraja alishusha kichwa, akaligeuzia jicho lake zima kidogo, akapita. Kwenye pipa alisita, na pua yake ikaelekea ukingoni. Nilimsikia Custódio akinung'unika, "Usile, mwanangu, usile." Farasi alipumua kwa nguvu mara moja, akaendelea na safari. Kurudi kinyumenyume alikwenda kama uzi, na kengele ikalia.

Lango ndilo lilikuwa la mwisho. Bi. Felismina alilisogelea kwa ubavu, akainama, akalifungua. Wakati farasi yuko katikati, upepo ulilivuta lango likamtoka mkononi, likarudi likampiga Trovisco begani, begani kwa upande usioona. Farasi yeyote angeruka, na huyu alikuwa na sababu kuliko wote. Niliona ngozi yake ikitetemeka kutoka shingoni hadi kiunoni. Halafu nikaliona goti la Bi. Felismina likimgusa. Hakumvuta. Hakumpiga kisigino. Alikaa tu, goti likiwa palepale, na muda ukiyoyoma.

Trovisco akasimama. Alisimama huku bado anatetemeka, mpaka Bi. Felismina akaunyoosha mkono, akalipata lango tena, wakalipita, akalifunga.

Hawakushinda. Muda ulikuwa umewaponyoka, wakawa wa tano. Lakini hakuna kikwazo walichokikataa. Bi. Felismina aliposhuka, alibaki ameegemea tandiko. Alituambia baadaye kwamba kati yao wawili, aliyekuwa na hofu zaidi siku ile hakuwa na mkia. Bwana Lobato alikuja akamgusa farasi shingoni, upande wa kushoto, aonekane. Kisha akamgeukia Custódio.

"Custódio, nitafutie farasi mwingine wa kupeleka Novemba. Huyu ana kazi."

Na kazi aliifanya. Kwa miaka mingi Trovisco ndiye aliyewafundisha wanafunzi wetu, kwa kuwa juu yake hakuna aliyeweza kupanda ovyo. Ilikuwa lazima umwambie kila kitu, nawe ujifunze kumwambia kwa upole. Wapandaji wengi wanaosifiwa leo nchini walianza kwa kumwomba radhi farasi yule. Alikufa kwa uzee, majira ya baridi mawili yaliyopita, na Bi. Felismina alikesha naye.

Tangu Santarém amewafundisha farasi wengine wengi, wakaleta vikombe vilivyojaa kabati la ofisini. Vikombe hivyo havimpendezi sana, anasema vinakusanya vumbi na yeye alishaachana na ufagio. Kinachomfurahisha ni farasi aliyekuja anarusha mateke akaondoka anasikiliza. Tuseme pia mengine, kwa kuwa huu ni wasifu na si misa ya kumtangaza mtakatifu: kabla ya kahawa hasalimii mtu, huimba akikosea sauti, na amenikosoa kuhusu viatu vya farasi tangu nikiwa na nywele. Mara nyingi alikuwa sahihi. Hilo naliandika leo kwa kuwa kesho hatakuwepo kulitumia.

Nafasi yake inachukuliwa na Leonor Varela, aliyekuwa mwanafunzi wake na sasa ni mkufunzi kamili. Jumatatu iliyopita Bi. Felismina alimkabidhi Cotovia, farasi jike mchanga anayeogopa daraja. Leonor aliuliza aanzie wapi. Bi. Felismina alimwambia aweke ubao mmoja chini kwenye nyasi, kisha waende wote wawili, yeye na farasi, wakasimame hapo wakazungumze, haraka ya nini. Akamkabidhi kamba, akageuka, akatembea hadi chumba cha matandiko bila kutazama nyuma. Mlangoni alisimama kidogo, mkono kwenye fremu. Sisi tuliokuwa uani tulipata kazi za kufanya ghafla.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, alikataa saa na alikataa sahani ya fedha. Aliomba kitu kimoja, kwamba kila Alhamisi aachiwe kiti kivulini kando ya uwanja, aje kutazama mazoezi bila kusema neno. Kiti kimeshapakwa rangi. Kuhusu kutosema neno, hakuna hata mmoja wetu anayeamini, na Leonor ameshatuambia kwamba asiposema atamfuata nyumbani kumuuliza.

Bi. Felismina, asante kwa farasi uliotuachia na kwa watu uliowafanya wawe wapole. Nenda ukalale hadi jua lichomoze, unywe supu yako yenye chumvi unayoitaka wewe, umtembelee Amílcar huko Ufaransa, maana amekualika miaka yote hii na huna tena kisingizio. Magoti yapone, siku ziwe ndefu, na afya isikuache. Tunakutakia mema yote, na tunakungoja Alhamisi.

Liberato Quaresma, fundi wa viatu vya farasi,
kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Vale de Murtas