Msomaji wa Hadharani

Masunga alipanda basi linalotoka Mbeya na barua ya mwanawe Seni, anayepasua mbao Mafinga, ikiwa bado haijafunguliwa. Hajui kusoma; kule kwao Usangu karani wa kijiji humsomea ndani, mlango umefungwa. Mara ya mwisho karatasi ilijaa pande zote mbili, karani akasoma salamu tu. Kama kijana atarudi, mzee hajui.

“Kwetu Tosamaganga,” alisema Evarista, abiria aliyekaa naye kiti kimoja, alipomsikia akilalamika hayo, “msomaji wetu Liberatus anasoma barua za watu nje ya kanisa. Wanaojua kusoma wanachungulia begani. Akiruka neno, wanamzomea, anarudia.”

“Na siri za nyumba, mama?”

“Siri zako sasa anazo karani, baba. Wewe mwenyewe huna.”

Masunga akacheka. Mwanamke huyu ana akili! Basi liliposimama Makambako, akainuka, barua ameiinua juu. “Nani humu anajua kusoma? Mmoja asome, wengine mchungulie!”