Tuliyomwambia Tukizinduka

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mliokosa viti mkasimama huko nje, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu familia imeona nisiposoma hapa nitasema pembeni, basi bora niseme mbele ya watu.

Mdogo wangu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akatoka kimya hadi mkunga akampiga kofi, akalia mara moja, akaona inatosha. Shule tulianza wote, mimi nikaishia njiani, yeye akamaliza sekondari mwaka 1976, akasomea uuguzi, kisha utoaji wa dawa ya usingizi, kazi aliyoianza katika hospitali yetu tarehe 3 Machi 1982 hadi alipostaafu mwaka 2017, na kwa kazi hiyo mkamwita Bwana Usingizi.

Kazi ile hadi leo inanisisimua mwili. Mtu mzima, na kitambi chake na madaraka yake, anawekewa barakoa usoni, anavuta gesi asiyoiona, anakwenda, anapasuliwa, halafu anarudi akiuliza wataanza saa ngapi. Lakini marehemu alikuwa akisema kwenda si kazi, kazi ni kurudi, maana mtu akilala kwa gesi mapafu nayo hulegea, pembe zake zikagandana kama nguo mbichi iliyokunjwa, makohozi yakatuama, na aliyepona kidonda akaondoka kwa kifua. Ndiyo maana wavuta sigara aliwarudisha nyumbani wakaziache kwanza, na ndiyo maana hakubanduka kitandani hadi mgonjwa akae, akohoe huku amekumbatia mto tumboni, na aongee, aongee lolote, kwa kuwa anayeongea anavuta pumzi.

Na mliongea. Mtu aliyezinduka nusu mdomo wake hauna kufuli. Fundi seremala, yule pale anayeangalia viatu vyake, alinijia wiki ile ile aliyopasuliwa kuniuliza kama mdogo wangu ameniambia lolote, nikamjibu ameniambia yote, basi akakaa kitako akanieleza mwenyewe. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeambiwa hata neno. Miaka yote nilimpikia, nikambembeleza, nikamnunia, na jibu lake lilikuwa moja, "Dada, hayo yalikuwa mazoezi ya mapafu."

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1986 na wifi yangu, mshona nguo, ambaye naye nilimchimba nisipate kitu, wakajaliwa mabinti wawili, wote wamerithi ukimya wa baba yao, sijui nilikosea wapi.

Mwezi wa Mei mwaka huu utumbo wake ulijifunga, akapasuliwa tarehe 9, na aliyemlaza ni mwanafunzi wake mwenyewe, mama ambaye leo ndiye mkuu wa kitengo kile. Kifua cha marehemu kilikuwa na pumu tangu utoto, alijua hatari kuliko sisi, akamwambia, "Ukiniamsha usinionee aibu, nikohoze." Alipoanza kuzinduka mama yule akamkalisha, akampa mto, akamwambia, "Mwalimu, ongea, lolote," nami nikaona siku yangu imefika, nikainama, sikio likagusa mdomo wake, siri za mtaa mzima ziko humo, nikabana pumzi nisikose neno. Amefumba macho, nusu yuko huku nusu kule, akapapasa hadi mkono wake ukatua mgongoni kwangu, akasema, "Dada, mbona hupumui? Vuta pumzi."

Miaka yote nilitafuta kilichomo ndani ya mtu yule, nikakuta ni hicho.

Nimonia iliingia pafu la kulia, wakapambana nayo, akatutoka asubuhi ya tarehe 17 Mei, wifi yangu amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari, wauguzi, wenzake wa chumba cha upasuaji, majirani mlioleta maji na viti, na fundi seremala aliyetengeneza jeneza akakataa malipo, sababu anaijua mwenyewe.

Mdogo wangu, hukuwahi kurudi nyumbani kabla mgonjwa wako wa mwisho hajazinduka. Sasa nenda, pumzika kwa amani, sisi huku tunavuta pumzi.