Kiti cha Kando ya Mama: Risala ya Bweni la Tatu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa shirika la ndege na kaka yetu mkubwa uliyewahi kulala katika bweni hili hili, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi, na ninyi mnaohitimu leo:

Sisi wanafunzi wa Bweni la Tatu tumepewa heshima ya kukusomea risala. Tulielekezwa iwe fupi, iwe na shukrani, na isitaje maji ya kuoga. Mkuu wa Shule aliisoma wiki iliyopita akaigonga muhuri. Ile yenye muhuri ipo, imetunzwa vizuri, na atakayeihitaji ataipata. Hii ni nyingine.

KUKUKARIBISHA

Karibu sana, Mheshimiwa. Kwa ajili yako tumefagia mpaka sehemu ambazo hazikuwa na uchafu. Tumepaka chokaa mawe yote ya njiani, pamoja na kobe mmoja aliyekuwa ametulia karibu nayo. Kobe hajambo.

Tunakuomba radhi kwa jambo moja la itifaki. Wewe uko hapa mbele, lakini mama, mke wako, amekalishwa safu ya mwisho kabisa, kando ya mpishi wetu mkuu. Kiranja wa viti alipoulizwa alijibu kwamba nafasi za kukaa pamoja zilikuwa zimekwisha. Usimlaumu yeye, alitumwa na sisi. Tutakueleza sababu.

HISTORIA FUPI

Bweni letu lilijengwa kwa ajili ya wanafunzi wanaotoka mbali. Kwetu ni mbali kiasi kwamba basi la huko likifika hapa, abiria wake wameshakuwa ndugu au maadui wa kudumu. Kwa hiyo wengi wetu huja na kuondoka kwa ndege zako. Si utajiri. Ni mjomba katoa kidogo, shangazi kaongezea, na mzazi kajinyima kitu ambacho hakitaji. Tiketi yetu ni ile ya bei ya chini kabisa. Tiketi hiyo, kama unavyojua kuliko sisi, humpa mtu kiti lakini haimpi jirani. Anayetaka kukaa na wake huongeza malipo. Asiyeongeza, kompyuta humtupa popote itakapo.

Miongoni mwetu yupo kijana tunayemwita Kengele, kwa kuwa ndiye anayeipiga. Huamka kabla ya wote na kutuharibia usingizi kwa uaminifu mkubwa. Tumewahi kumfichia nyundo, akapiga kwa kijiko. Tumewahi kuificha kengele yenyewe, akasimama katikati ya bweni akaimba mlio wake mpaka tukairudisha. Alikuwa mtu wa maneno mengi.

Muhula huu alirudi akiwa ametoka kumzika mama yake, na maneno hakurudi nayo. Alipiga kengele, akala, akalala. Tukaacha kumfichia nyundo. Bwenini hiyo ndiyo rambirambi tunayoijua.

MAFANIKIO

Tunajivunia kikundi chetu cha mdahalo. Tulipopata habari kwamba mgeni rasmi utakuwa wewe, tukachagua mada ya kukufurahisha: je, ni haki familia kulipia ili zikae pamoja ndani ya ndege?

Upande wa kuunga mkono uliongozwa na mwenzetu tunayemwita Wakili, ambaye hajawahi kushindwa hata siku anazokosea. Alizungumza vizuri. Alisema kiti ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Alisema mtu anayesafiri peke yake, aliyelipia dirisha lake kwa hela yake, ana haki ya kutoinuliwa na mtu ambaye hakulipia kitu ila ana watoto wengi. Bado tunaona kwamba hapo ana hoja. Kisha akafungua mikono.

"Ndugu zangu," akasema, "mtu aliyekaa na mama yake maisha yake yote anapungukiwa nini akikaa kiti kingine kwa saa mbili?"

Ukumbi ukacheka, meza zikapigwa. Muda wake ulikuwa umekwisha. Mtunza muda alikuwa Kengele, na kengele haikulia. Wakili amezoea kukatizwa, kwa hiyo aliendelea, akaendelea tena, mpaka maneno yakamwishia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulishuhudia. Akageuka.

"Kengele, vipi? Umelala?"

"Sijalala. Nakutafutia jibu."

Mwalimu wa mdahalo alimkumbusha kwamba mtunza muda haruhusiwi kuchangia. Kengele akaiweka kengele mezani, akaisukuma taratibu mbali naye.

"Basi mimi si mtunza muda tena, mwalimu," akasema, akasimama.

CHANGAMOTO

Aliyotueleza ndiyo haya. Ameturuhusu tukusomee, kwa sharti kwamba tusimwangalie wakati tunasoma. Tunakuomba na wewe usimtafute kwa macho.

Mama yake alilazwa katika hospitali ya mji huu, na kila Jumapili Kengele alikwenda kumwona. Jumapili moja madaktari walimwita pembeni. Hawakusema mama aende nyumbani akapone. Walisema aende akapumzike. Baba yake alikuwa huko kwao na wadogo zake, akapiga simu: "Wewe ndiye mkubwa. Mlete mama yako."

Asubuhi ya safari, Kengele alisukuma kiti cha magurudumu mpaka kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, begi la mama likiwa shingoni mwake. Dada wa kaunta alitazama kompyuta, akasema viti vyao viko mbalimbali, na kwamba kukaa pamoja kuna malipo ya nyongeza. Alisema kwa adabu.

"Mwanangu," mama akamwambia dada wa kaunta, "huyu nimekaa naye miezi tisa na hakuna aliyenidai nyongeza."

Dada akacheka mpaka akashika mdomo. Kompyuta haikucheka.

Kengele alikuwa na hela ya dharura aliyotumiwa na baba yake. Akaitoa. Mama akamshika kiganja, akakikunja hela ikiwa ndani.

"Rudisha mfukoni. Hiyo ya viatu vyako. Tukifika nyumbani utaniona mpaka unichoke."

Ni mama yake, Mheshimiwa. Akarudisha.

Wakakaa kusubiri. Sasa, kwao kuna picha ya harusi ya wazazi wake ukutani. Watu wote katika picha ile wamekaza nyuso kana kwamba wanasomewa hukumu, ila bibi harusi. Yeye amefunika mdomo kwa kiganja, na mabega yameinuka, anacheka. Tangu utotoni Kengele alikuwa akiuliza alikuwa anacheka nini, na mama hujibu, "Ukikua nitakwambia." Pale kwenye viti vya kusubiri akauliza tena, kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

Mama akamtazama, akamtengenezea kola. "Haya, umekua. Sogea. Asubuhi ile ya harusi, baba yako alikuja amevaa viatu..." Akaanza kucheka mwenyewe kabla hajafika popote.

Abiria wakaitwa. "Nitakumalizia ndani," akasema.

Ndege ilikuwa ile ndogo yenu, viti viwili upande huu na viwili upande ule. Mama alipewa kiti cha njiani, safu ya tatu. Dirishani alikaa mwanamume mwenye koti la kahawia. Kengele alipangiwa mkiani, karibu na choo. Mhudumu alimwomba yule bwana abadilishane na kijana. Bwana akasema, "Dada, hiki nimekilipia," na ni kweli alikilipia. Mhudumu akamwambia Kengele asubiri ndege ikishatulia angani. Hewa ilikuwa mbaya siku hiyo. Taa ya mikanda haikuzimika njia nzima.

Kwa hiyo alichungulia tu. Katikati ya vichwa vya watu aliona kitambaa cha kichwa cha mama yake. Kwa muda kitambaa kilitulia. Kisha akakiona kinageukia dirishani, na mkono wa mama ukainuka ukachora kitu hewani. Alikuwa anasimulia. Kengele akakaza masikio, lakini mkiani unasikia injini na mlango wa choo. Baadaye kichwa cha yule bwana kikaangukia nyuma kwa kicheko, na kitambaa cha mama kikawa kinatikisika. Mwenzetu alituambia kwamba hata yeye alicheka, huko nyuma peke yake, bila kujua anacheka nini, na jirani yake akamtazama vibaya.

Walipotua, yule bwana ndiye aliyemshika mama mkono kumteremsha ngazi. Akamkabidhi kwa Kengele huku akifuta macho.

"Kijana, mama yako ameniua mbavu. Viatu vile, ama kweli." Akaenda zake.

Garini mama alikuwa amechoka. Kengele akasema, "Mama, vile viatu." Mama akamwambia, "Kesho." Akalala kwenye bega lake. Kesho yake aliamka, lakini sauti haikutoka, na haikutoka tena. Alikuwa akimtazama Kengele na kutikisa kichwa kidogo, mpaka siku alipofariki.

Baada ya msiba Kengele alimuuliza baba yake. Baba aliitoa picha ukutani, akaisogeza kwenye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. "Viatu?" akasema. "Vilikuwa viatu vya kawaida tu, mwanangu."

Kengele alipofika hapo hakuendelea. Wakili alikuwa wa kwanza kukaa chini. Mwalimu alisahau kupigisha kura, na hakuna aliyemkumbusha.

Mheshimiwa, yule bwana hatumlaumu. Aliuziwa dirisha, akakaa dirishani. Hatumlaumu dada wa kaunta wala mhudumu. Lakini mtu fulani, katika ofisi yenye kiyoyozi, aliona kwamba watu wanapenda kukaa na watu wao, akafikiri, tuwatenganishe kwanza, kisha tuwauzie kule walikokuwa.

Sasa tugeuke kidogo. Mpishi wetu tumemweka safu ya mwisho makusudi, kwa kuwa hajawahi kukaa na mtu asimwongeleshe. Kufikia hapa, yeye na mama wameshafika mbali. Labda wamecheka. Wewe hukusikia. Kiti kilicho kando yako tulikiacha wazi tangu mwanzo. Tunamwomba mama apite mbele aketi. Hakuna malipo. Tunamshukuru kwa uvumilivu wake, na tunakuomba radhi kwa dhati, kwani ilikuwa nusu saa tu na hata hivyo tumejisikia vibaya.

MAOMBI

Tuna ombi moja la watu wote na moja la mtu mmoja.

La watu wote: uzeni madirisha. Uzeni viti vya mbele na nafasi ya kunyoosha miguu, hata viti vya mbali na choo, na Wakili yuko tayari kuwatetea bure. Lakini mtoto na mzazi wake, mgonjwa na anayemsindikiza, wapeni viti vya jirani tangu mnapowauzia tiketi, bila wao kuomba.

Tunajua hilo lina vikao vyake, na tunajua vikao. Hili la pili halihitaji kikao.

Shirika lako linajua nani alikaa dirishani, safu ya tatu, siku ile. Hatutaki jina lake. Tunajua ni siri ya abiria, na mwalimu wetu wa uraia ametukataza hata kuliuliza. Tunaomba umtafute wewe mwenyewe, umpe salamu zetu. Mwambie mama aliyekaa kando yake alifariki, na kwamba watu wa mwisho kumsikia akisimulia kitu ni yeye na dirisha. Mwambie kuna kijana shuleni hapa ambaye simulizi ile ilikuwa yake. Siku ya wageni ni Jumapili yoyote. Akishindwa kuja, apige simu ofisini kwa Mkuu wa Shule, ambaye sasa amesikia na tunaamini hatakata.

Akiwa amesahau baadhi, aseme yale anayoyakumbuka. Akikumbuka yote, mwambie tu asifupishe.

Mungu akujalie safari njema na watu wako, wewe na mama hapo kando yako, na awape muda wa kumaliza mazungumzo yenu.

Ni sisi, wanafunzi wa Bweni la Tatu, tuliosimama wote, pamoja na mmoja ambaye tumekuomba usimtafute kwa macho.