Kumuaga Mama Chokaa, Aliyetutembeza kwa Miguu

Leo, Ijumaa tarehe 29 Novemba, Profesa wetu wa uhandisi wa barabara anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika idara hii. Ikiwa unasoma maneno haya ukiwa umekaa ukumbini na viatu vyako vimejaa tope, pole sana. Umeshushwa kwenye gari pale kizuizini kama sisi sote, ukazunguka nyuma ya karakana, ukaruka mtaro, na pengine ukajiuliza ni nani mwenye akili timamu anayefunga barabara ya ukumbi siku ya sherehe. Ni mstaafu mwenyewe. Sherehe ni yake, barabara ni yake, na kufuli la kizuizi ni lake pia.

Kwa wasiomfahamu, Mama Chokaa (jina alilopewa na wanafunzi, naye analipenda kuliko hilo la Profesa) ametumia maisha yake ya kazi kuhangaika na udongo mfinyanzi mweusi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likiwaka, ukaharibu kila barabara inayojengwa juu yake. Wenzake wengi dawa yao ni kuuchimba wakautupe, kisha walete kifusi kutoka mbali kwa gharama kubwa. Yeye anasema udongo uliopo unatosha, mradi uchanganywe na chokaa, ushindiliwe vizuri, umwagiliwe maji na uachwe ukomae bila kupitiwa na gari. Hilo la mwisho ndilo lililotutoa jasho. Methali ya haraka kila mtu anaijua. Yeye peke yake ndiye aliyeigeuza kuwa sheria ya idara.

Nimekaa naye ofisi moja miaka kumi na tisa. Mimi nafundisha madaraja, kazi isiyochafua meza ya mtu. Yeye aliloweka matofali yake ya udongo kwenye beseni, na beseni akaliweka juu ya kiti pekee cha wageni, kwa hiyo wageni wetu walisimama. Tulipokwenda harusi ya mdogo wangu, mimi nikiwa dereva na mbeba keki, alinisimamisha kila palipochongwa kando ya barabara ili achote udongo. Mifuko yake ikakaa kitini na keki akaipakata. Tulifika watu wakiosha vyombo. Shemeji yangu, yaani mume wa Mama Chokaa, ni mwalimu wa hesabu na mtu mpole kupita kiasi. Ananiambia nyumbani kwao hakuna ndoo isiyo na udongo, na akitaka kuoga huenda kuazima kwa jirani.

Mwongozo wake wa kuchanganya chokaa unatumiwa na wahandisi wa barabara za vijijini, na wengi wao ni wanafunzi wake. Alikuwa akiwarudisha maabara kurudia kazi hata kama kosa ni la kijiko kimoja cha maji. Walimlaani wakiwa chuoni, sasa wanampigia simu mpaka wakati wa chakula cha mchana, tena simu ya ofisini kwetu, na anayepokea ni mimi.

Kuna jambo moja hapendi kulisimulia, nami nitalisimulia kwa sababu bado linanichoma. Miaka kumi na mmoja iliyopita alikabidhiwa barabara ya kupanda kwenye zahanati ya mlimani. Aliomba ifungwe wiki moja tu baada ya kushindiliwa. Siku ya tatu wakubwa wakakata utepe, na msafara wa magari ukapita juu yake huku yeye amesimama pembeni akiwasihi wasubiri. Mvua za kwanza ziliifumua. Wajawazito wakarudi kubebwa kwa machela, na kikao cha uchunguzi kikambebesha yeye lawama yote. Nilitaka agombane, awataje waliopita. Badala yake alirudi na gunia la udongo uleule ulioharibika, akalisukuma chini ya meza yangu na kusema, “Udongo hauna kosa, ndugu yangu. Haukungojwa tu.” Nilimnunia wiki nzima. Barabara ile ni mbovu hadi leo.

Sasa mtaelewa habari ya hiki kipande kilicho mbele ya ukumbi. Halmashauri imekubali kumpa nafasi nyingine. Kikishakomaa, lori lililojaa kokoto litapita juu yake mbele ya wahandisi wao, na likipita salama, barabara ya zahanati itajengwa upya kwa njia yake. Kilipaswa kuwa tayari mwezi uliopita. Greda likaharibika, kikashindiliwa Jumanne hii. Utawala ukamwomba afungue kizuizi kidogo tu, gari la mgeni rasmi lipite. Mimi mwenyewe nilimbembeleza, nikamwambia gari moja haliui barabara. Alinitazama kama mwanafunzi aliyefeli, kisha akamgeukia mkuu wa chuo: “Mzee, ama mstaafu asubiri, ama mgeni atembee.”

Kanuni za utumishi hazimruhusu mstaafu kusubiri hata siku moja. Mgeni rasmi, karibu sana, na utuwie radhi.

Linaloudhi zaidi ni kwamba udongo utakomaa Jumanne ijayo, na Jumanne ijayo yeye si mtumishi tena. Kwa utaratibu, ufunguo wa kufuli ulipaswa kurudi kitengo cha matengenezo, afungue yeyote atakayekuwa zamu. Juzi idara ilikaa kikao. Sisi, ambao hatujawahi kukubaliana hata kuhusu saa ya chai, tulikubaliana kabla viti havijapata joto. Ufunguo unabaki kwake. Lori la kokoto limeambiwa, na halmashauri imeambiwa.

Asante, Mama Chokaa, kwa miaka yote uliyotuchosha. Asante nawe shemeji. Ndoo zako huenda zikapatikana. Nendeni mkapumzike, muishi vema, na njia yenu iwe kavu masika na kiangazi. Ila Jumanne, Profesa, uje ukague udongo wako. Ukisema bado, tutanung'unika kama kawaida yetu, na hakuna gari litakalopita.