Bi Vitenzi na Sentensi ya Fundi wa Boila

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mpiga ishara wa treni na mama yake mshonaji. Dada yake mkubwa, aliye nasi hapa, anasema mtoto huyu alipotimiza miaka sita nyumba nzima ilikuwa hoi kwa maswali yake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na sekondari mwaka 1965. Huko alikutana na Kiingereza, wakafaana. Wenzake walikariri vitenzi kama wimbo. Yeye alitaka kujua kwa nini kitenzi kibadilike sura kwa sababu tu jana imepita. Alihitimu chuo cha ualimu Desemba 1970, na Januari iliyofuata akashika chaki. Wanafunzi ndio waliompa jina la Bi Vitenzi, naye hakulikataa.

Alifunga ndoa tarehe 4 Septemba 1976 na fundi wa miwani. Uchumba wao ulianza kwa barua ambayo marehemu mumewe aliiandika kwa Kiingereza ili kujikweza. Ilirudi kwake imejaa wino mwekundu. Akaenda kulalamika mlangoni kwa mwalimu.

"Umesahihisha kila kitu, lakini hujanijibu."

"Soma pale chini," akamwambia.

Chini palikuwa pameandikwa: *Vitenzi vyote vina makosa. Wazo halina kosa.* Waliishi pamoja miaka thelathini na sita, wakajaliwa binti na mwana.

Familia haikukubaliana kama yanayofuata yasomwe leo. Lakini marehemu mwenyewe aliacha maandishi: "Msinisifu nusu. Someni yote." Tunatii.

Mwaka 1980 aliacha ualimu akaajiriwa kuwa mfasiri katika kiwanda cha nguo, ambako wakubwa wengi hawakujua Kiswahili. Jumanne, tarehe 9 Agosti 1983, boila, tangi la mvuke linalochemshwa kwa moto, ililipuka. Wafanyakazi wawili, mwanamke na mwanamume, walifariki. Wachunguzi walikuja wakataka maelezo ya mashahidi kumi na mmoja kwa Kiingereza, upesi. Marehemu aliyachukua maelezo hayo kwa mkono kwenye daftari lake, kisha akakaa kwenye mashine ya chapa siku mbili mfululizo, macho yamevimba kwa kilio, kwa sababu mwanamke aliyefariki alikuwa rafiki yake.

Fundi wa boila alisema hivi: "Nilikuwa nimeshazima moto kengele ilipolia." Marehemu akachapa: "I put out the fire when the alarm rang." Kwa Kiswahili, fundi alikuwa ametimiza wajibu wake mapema. Kwa Kiingereza kile, alikaa tu mpaka kengele ikamshtua ndipo akanyanyuka. Palikosekana "had" na palikosekana "already". Fundi, ambaye Kiingereza hakukijua, alitia sahihi. Sentensi hiyo ndiyo iliyomtia hatiani kwa uzembe. Alifungwa miaka mitatu, na bomba bovu alilokuwa akililalamikia halikuchunguzwa tena. Marehemu naye, kama watu wote, alimlaumu fundi kwa kifo cha rafiki yake. Wakikutana njiani alikuwa akigeuza uso.

Mwaka 1985 alirudi kufundisha, safari hii darasa la jioni la watu wazima. Alhamisi moja ya Mei 1996 alikuwa akieleza namna Kiingereza kinavyopanga matukio mawili yaliyopita, lipi lilitangulia lipi. Muuguzi mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwani nikiacha hiyo 'had' kutaharibika nini? Si wataelewa tu?"

"Wataelewa kinyume," akajibu. "Kwa mfano, mtu akisema alikuwa ameshazima moto..."

Muuguzi huyo alitusimulia kwamba mwalimu aliuegemea ubao mpaka chaki ikamchafua bega zima, kisha akawaambia waende nyumbani. Yeye alikwenda kulitafuta daftari la kiwandani. Alilikuta kwenye sanduku la viatu, maneno ya fundi yameandikwa kwa mkono wake mwenyewe, herufi kwa herufi.

Mumewe alimsihi. "Miaka kumi na mitatu imepita, mama watoto. Ukilifukua hili, watakufukia wewe."

"Yeye alishafukiwa," akasema.

Jumamosi ile alikwenda kwa fundi. Alimkuta barazani akitengeneza majiko ya watu, kazi pekee aliyoipata baada ya kifungo. Alimweleza amesimama, maana hakukaribishwa kiti. Fundi alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kukaza skrubu.

"Mke wangu aliondoka akiamini nimeua watu," alisema hatimaye. "Alikufa akiamini hivyo. Kwa hiyo ni neno tu?"

"Ni maneno mawili, kaka. Na ni mimi."

"Basi nenda kawaambie wao. Mimi nilikuwa najua."

Akaenda kuwaambia. Ilimchukua miaka saba ya barua, mabenchi ya kusubiri na makarani waliomwambia jalada halionekani. Mwaka 2001 alisimama mbele ya jopo la mapitio, akafungua daftari na kusema kosa ni lake. Wiki hiyohiyo alienguliwa katika usahihishaji wa mitihani, na darasa la jioni likabaki na wanafunzi wanne. Wazazi wa rafiki yake aliyefia kiwandani walimfungia mlango. Tarehe 17 Oktoba 2003 hukumu ilifutwa. Alimpelekea fundi nakala kwa mkono wake, na safari hii aliwekewa kiti. Akamwuliza kama amemsamehe.

"Nitakusamehe," fundi alijibu. "Lini, sijui. Usiniulize tena."

Hakumwuliza tena.

Mume wa marehemu alifariki mwaka 2012. Tarehe 6 Februari 2024 marehemu alipata kiharusi. Alipozinduka, majina ya vitu alikuwa nayo: kikombe, dirisha, daktari, binti. Vitenzi vilimkimbia. Akitaka maji alisema "maji", akanyoosha kidole, machozi yakamtoka kwa hasira. Bintiye alijaribu kumfundisha upya kwa kadi, kidogokidogo, naye aliweza "kaa" na "njoo".

Fundi alikuja wodini mwezi Aprili. Marehemu alimtambua. "Njoo," akamwambia. "Kaa." Kisha midomo ikahangaika muda mrefu, neno halikutoka. Fundi alimshika mkono mpaka saa ya wageni ikaisha. Mwana wa marehemu alimsindikiza hadi getini.

"Mzee, ungemwambia tu umemsamehe. Hata kama si kweli, apumue."

"Mama yako alihangaika miaka saba ili yaandikwe yaliyo kweli," fundi alisema. "Leo nimdanganye kitandani?"

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 2 Juni 2024, saa nne asubuhi, bintiye akiwa pembeni yake. Hatuwezi kusema alikufa ametulia. Alikufa akiutazama mlango.

Ameacha dada mmoja, wadogo wawili, binti na mwana, mkwe, wajukuu wanne, na wanafunzi ambao hatukuweza kuwahesabu. Fundi yupo hapa, mstari wa pili, kwa ombi la familia. Tunamshukuru kwa kuja, na hatumdai neno lolote.

Utulivu aliokosa duniani, Mwenyezi Mungu amjalie huko aliko.