Klabu ya Kuanguka

Benchi letu hapa mjini Sultan Hamud liko nje ya posho mill, kinu cha kusaga unga, ng'ambo ya ukumbi wa kanisa. Tunaolikalia ni wanaume wasio na haraka: Ndululu, tuliyempa jina Profesa kwa sababu aliwahi kumpangishia mwalimu nyumba, Bishar mwuza kahawa, yaani Redio, Kiema, na mimi. Asubuhi ile Kiema alikuja na fomu. Klabu ya judo ya pale ukumbini ilitaka ruhusa yake ili binti yake Kathini akashindane Mukuyuni Jumamosi. Mtoto alikuwa ameyasubiri mashindano hayo tangu Januari, na fomu zilikuwa zinachukuliwa saa nne. Badala ya kumuuliza mtoto, Kiema akatuuliza sisi, ambao hatujawahi hata kuvuka barabara kuingia mle.

KIEMA: Nisaini ama nisisaini?

PROFESA: Usisaini. Nimewaangalia kwa dirisha nikiwa hapa benchi wiki tatu. Hakuna mtu anafunzwa kupiga. Wanafunzwa kuanguka.

REDIO: Kuanguka tu?

PROFESA: Mtoto anaanguka na mgongo, anagonga mkeka na mkono, anaamka, anaanguka tena. Jioni yote.

REDIO: Sasa kuanguka ni kitu ya kuendea mwalimu? Mimi nilianguka kwa lori ya mbuzi huko Mutomo na sikuwa nimefunzwa na mtu.

MIMI: Ukaangukaje?

REDIO: Vibaya sana. Lakini nilianguka.

PROFESA: Jiulizeni, watu wakianguka nani anafaidika? Ni wenye kuuza magodoro. Hiyo klabu ni biashara yao.

REDIO: Wacha magodoro. Ukumbi ni ya nani? Ya kanisa. Hao watoto wanatayarishwa. Siku ya krusedi, ule mkutano wa maombi, pasta akinyoosha mkono, wote wanalala chini kwa laini, na hakuna mtu ameumia.

PROFESA: Ndio maana wanavaa nyeupe.

Naona haya kusema, lakini na mimi nilichangia. Nilisema wale watoto huinamiana kwanza, na mtu anayekusalimia vizuri hivyo kabla ya kukuangusha si wa kuaminika. Tukatikisa vichwa kama wazee wa baraza.

KIEMA: Basi sisaini. Msichana wangu hawezi kwenda Mukuyuni kuanguka mbele ya watu.

Wakati huo Syombua, mwalimu wa klabu, akavuka barabara kuja kuchukua fomu.

SYOMBUA: Hamjambo wazee. Mzee Kiema, iko tayari?

KIEMA: Nimekataa, mwalimu. Unamfunza kuanguka.

SYOMBUA: Ndio, hiyo ndiyo ya kwanza. Akirushwa na hajui kuanguka, atavunjika shingo.

Hilo hatukuwa tumelifikiria.

SYOMBUA: Lakini ni haki yako, wewe ndiye mzazi. Ila kuna mahali hujajaza. Mkanda wa Kathini ni rangi gani?

Kiema akamtazama Profesa. Profesa akanitazama mimi. Redio akaendelea kumimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa.

PROFESA: Sema nyeupe.

SYOMBUA: Nyeupe ni ya wanaoanza, aliivua mwaka juzi. Si huo mkanda wake wa sasa huanikwa kwa waya yako kila Jumapili, mzee?

Sisi tunaojua ya kila boma hatukuijua rangi hiyo. Kiema aliomba kalamu, akaweka sahihi bila kututazama, na pale pa rangi akapaacha wazi.

KIEMA: Hapo mwambie ajaze mwenyewe. Na umwambie babake hakujua.