Waliotaja Majina Yao Langoni

Wachungaji, wazee wa pande zote mbili, majirani wa Uthiru, wanafunzi wa marehemu na ninyi nyote mliofika, familia imemtuma Masila, kitinda mimba wa Mzee Muthama, awasomee maisha ya dada yake, Daktari Mwelu, na imemwambia asome yote bila kupunguza, kwa hiyo atakayeona maneno yamekuwa makali avumilie, au atoke taratibu, hema liko wazi pande zote.

Daktari Mwelu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Kangundo, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Muthama na Mama Mwongeli, na mwaka 1970 familia ilihamia Dagoretti, baba alipoajiriwa kukagua nyama machinjioni. Alisoma shule ya msingi hatua chache kutoka sokoni, akaenda sekondari ya bweni Kiambu mwaka 1978, na Oktoba 1984 akaingia chuo kikuu kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1990, siku ambayo baba alichinja mbuzi wawili na kuwakagua mwenyewe kwa miwani, hakuamini mtu.

Januari 1991 alianza kazi kama daktari wa mafunzo kazini katika hospitali ambayo familia imeombwa isiitaje. Katika wiki yake ya pili kwenye idara ya dharura alimkuta mama mmoja amefia kwenye benchi, akiwa amengoja tangu asubuhi, naye mkubwa wake akamwagiza aandike daftarini kwamba mgonjwa aliletwa akiwa amefariki, kwa kuwa pale mgonjwa ambaye daktari hajamgusa huhesabiwa kwamba bado hajafika, na kwa hesabu hiyo idara haipotezi mtu. Mwelu aliandika. Tunalisema hili mbele ya jeneza lake kwa sababu yeye mwenyewe hakulificha, alituambia kwamba kwa miaka mingi mkono wake wa kulia ulimtia kinyaa, na kwamba alikuwa akiunawa hata pale ambapo haukuwa na uchafu.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Bwana Waithaka, mpima ardhi, katika kanisa la Kawangware, na Mungu akawajalia watoto wawili, Nyokabi, aliyezaliwa Mei 1994, na Dan, aliyezaliwa Agosti 1997. Nyokabi alipewa jina la mama yake Waithaka, ambaye mwanzoni hakutaka kumsikia bibi harusi kutoka Ukambani, na baadaye hakutaka kutibiwa na mtu mwingine yeyote. Mwaka 2000 Mwelu alikwenda Uingereza kusomea udaktari wa dharura, akarudi mwaka 2003, akawa mhadhiri, na kuanzia mwaka uliofuata kila Jumamosi aliwafundisha wachinjaji wa Dagoretti kuzuia damu, wakifanyia mazoezi kwenye mapaja ya mbuzi, kwa sababu visu vya pale havichagui nyama. Wenzake wa chuo walimcheka, wakauliza kama ng'ombe nao watapewa cheti.

Utafiti uliomgharimu aliufanya kuanzia Machi hadi Septemba 2005. Nashon, bawabu wa lango la hospitali ile ile, alikuwa na kitabu chake, na kwa utaratibu wake mwenyewe alimuuliza kila mgonjwa jina, akaliandika pamoja na saa, na mgonjwa asiyeweza kusema aliwekewa kistari. Daktari Mwelu alikiweka kitabu cha Nashon kando ya daftari la idara, akasoma mstari kwa mstari, akakuta watu thelathini na wanane ambao walitaja majina yao kwa vinywa vyao pale langoni, kisha saa mbili, tatu, hata tano baadaye wakaandikwa kwamba waliletwa wakiwa wamefariki. Tangu siku aliyomaliza kuhesabu hakunywa tena chai katika chumba cha madaktari, alisema vikombe vinanuka.

Mkuu wa idara aliisoma ripoti, akamwambia, "Daktari, hii kitu itatuchomea picha, itatuharibia jina, wachana nayo," na kama angeishia hapo huenda Mwelu angebishana naye kwa karatasi tu, kama wasomi wanavyobishana. Lakini mwanamke aitwaye Nakhumicha, muuza matumbo wa Dagoretti, alikuwa akihudhuria masomo ya Jumamosi, na Februari 2006 alimweleza kwa nini anajifunza. Mumewe alijikata paja machinjioni tarehe 2 Juni mwaka uliotangulia, wakampeleka hospitali kwa pikapu, wakaambiwa amefika akiwa maiti, naye Nakhumicha akamwambia Mwelu, "Mimi nilirudi kufunga kibanda, daktari. Hiyo dakika tano ndio ilimmaliza." Miezi minane mwanamke huyo alikuwa akijiita muuaji kimoyomoyo, halali, hali, na kibanda hicho hakukifungua tena, matumbo aliyauza kwa ndoo.

Daktari Mwelu alikuwa ametia sahihi mbele ya kamati ya maadili ya utafiti kwamba hatamtafuta jamaa yeyote wa wagonjwa wale, alilijua sharti hilo vizuri, hata wanafunzi wake aliwafundisha, na alilivunja palepale, kati ya ndoo mbili za matumbo. Alimwambia, "Mama, bwanako alitaja jina lake langoni saa tatu na dakika kumi. Sisi ndio tulimwacha kwa benchi mpaka saa tano na nusu. Wewe hukuchelewa." Nakhumicha yuko hapa leo, na ametupa ruhusa kulisoma.

Kuanzia hapo alizitafuta familia nyingine, Kangemi, Kikuyu, hadi Kajiado, akibisha hodi Jumapili baada ya ibada. Novemba 2006 kamati ilimwita, ikamwondoa katika usimamizi wa wanafunzi na kumpeleka chumba cha mafaili ya zamani nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali, na mara tatu akaletewa barua atie sahihi kwamba utafiti ulikuwa na makosa na ameuondoa kwa hiari yake. Waheshimiwa walioandika barua zile walipoulizwa kuhusu watu thelathini na wanane walijibu kuhusu fomu ya maadili aliyotia sahihi. Yeye alikiri kosa la fomu, akasema adhabu anastahili, na barua akazirudisha bila sahihi. Kinachotuchefua sisi ni kwamba waliojali siri za wagonjwa ndio hao hao waliowaacha wagonjwa wafe hadharani.

Januari 2009 aligundulika ana saratani ya kongosho, akauguzwa katika hospitali nyingine, na alipokuwa na nguvu ya kuketi aliendelea kupiga simu, hadi akafikia familia ishirini na tisa, zilizobaki akatuachia sisi. Alifariki Jumanne tarehe 8 Septemba 2009, saa kumi na mbili na robo asubuhi, nyumbani Uthiru, Waithaka akiwa amemshika mkono, ule wa kulia.

Ijumaa iliyopita dereva wa hospitali alituletea aya iliyopigwa chapa, na ombi kwamba isomwe hapa, ikisema marehemu atakumbukwa kwa uhusiano mwema na idara na kwa busara yake ya kuondoa utafiti uliokuwa na kasoro. Hakuuondoa. Karatasi ile wapishi wamefungia maandazi. Aliyeituma ameleta pia shada, lile kubwa kuliko yote, jina lake liko kwenye utepe, atakayetaka atalisoma mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu kwa upole, majirani waliokesha nasi, wachinjaji wa Dagoretti waliolibeba jeneza kutoka barabarani, wanafunzi wake, na Nashon, ambaye alifutwa kazi mwaka 2007 na hakukiacha kitabu chake nyuma.

Tunazo familia tisa ambazo Mwelu hakuzifikia. Mbili ambazo hazikuweza kuja tumezieleza kwa simu; ninyi wa familia saba mmekuja, mmeketi upande wa kushoto, na tangu asubuhi mnaulizana kwa nini watu msiowajua waliwapigia simu mje kumzika daktari msiyemjua. Ni kwa sababu mliambiwa mlichelewa, na mmekuwa mkijilaumu, huyu alitafuta teksi ya bei nafuu, yule alisubiri mvua ikatike. Wapendwa wenu waliingia langoni wakiwa hai, wakaulizwa majina, wakayataja wenyewe. Nashon ataketi nanyi baada ya maziko, na atamwonyesha kila mmoja wenu jina na saa.

Kazi uliyotuachia tumeifanya, dada, pumzika sasa kwa amani.